Hata Udongo Unataka Chai

Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, mwaka wa sabini na sita, Moffat Kingori alikuwa amesimama katika soko la Nyeri akila ndizi choma ambayo hakuwa na nia ya kuilipia, mara akaona watu wamezunguka kabichi.

Ilikuwa kabichi moja tu. Ilikaa peke yake juu ya gunia kama mgeni wa heshima, kubwa kama kichwa cha ndama, majani yamekazana hata ungedhani imeshonwa na fundi. Nyuma yake aliketi mjane wa makamo kutoka Ruring'u, jina lake Wachuka, akisuka kiondo bila kuinua macho.

Moffat hakuitazama kabichi. Kabichi haina mfuko. Alitazama nyuso za watu, maana hilo ndilo shamba alilojua kulima. Alikuwa na miaka thelathini na minne, tai mbili, na sauti laini iliyoweza kumshawishi paka aazime kucha. Jembe hakuwa ameligusa tangu shule ya misheni. Mwaka uliotangulia alikuwa Wang'uru, akiwauzia wakulima wa mpunga filimbi za kufukuza ndege. Filimbi zile hazikutoa sauti yoyote, naye aliwaeleza kwa upole kwamba sauti ile husikika na ndege peke yao. Wang'uru hakupita tena, hata kwa bahati mbaya.

Sasa katika zile nyuso aliuona uso wa Kihara.

Kihara alikuwa mwenye baa mjini, na juu ya hayo alikuwa amenunua kipande cha shamba la kahawa lililoachwa na mzungu huko njia ya Gatitu. Mwaka ule bei ya kahawa ilikuwa imepanda mpaka wanaume wazima walikuwa wakihesabu mibuni yao kama watoto wao. Mbolea ya dukani nayo ilikuwa imepanda mpaka watu waliitaja kwa sauti ya chini, kama jina la marehemu. Kihara aliisogelea kabichi ile, akainama, akaibonyeza kwa kidole.

"Mama Gatimu," alimwambia mjane, "hii kabichi unaipea nini?"

"Majani iliyooza," Wachuka alijibu. "Na samadi, na magugu, na jivu. Unapanga, unamwagia maji, unageuza. Ikiiva unaweka kwa shamba. Ingine unaloweka kwa pipa, ile maji unapea udongo inywe."

Watu walicheka. Kihara hakucheka. Aliudhika. Alikuwa ameuliza swali la mtu mwenye pesa, na amejibiwa habari za takataka. Akakata shauri kwamba mama yule anaficha kitu, na kwa kuwa alikuwa na akili ya kupiga hesabu upesi, akakiona kitu chenyewe. Shamba alilolima Wachuka lilikuwa la Kihara: robo ekari kando ya ardhi yake, mahali palipochimbwa zamani murram ya kutandika barabarani, ambapo alimkodisha kwa sababu hapakuota ila miiba. Ikiwa kabichi kama hii imetoka pale, basi utamu uko ardhini. Akamwambia mbele ya watu wote kwamba shimo lile sasa analiuza. Akataja bei ambayo mtu angepata ploti kando ya barabara ya lami. Mwisho wa mwezi ukifika, mama awe amenunua au awe amehama. Kisha akaondoka akitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Wachuka aliendelea kusuka, lakini vidole vyake vilikuwa vimeharibu mstari mzima, ikambidi aufumue.

Moffat alimeza kipande cha mwisho cha ndizi. Alikuwa ameona jambo ambalo wasomi huandikia vitabu: ukweli umetolewa bure, hadharani, na tajiri ameukataa kwa kuwa hauna kizibo wala lebo.

Siku ya Jumanne alifika Ruring'u amevaa tai ya kahawia, ile ya mambo ya serikali, na faili kwapani. Alimwambia Wachuka kwamba ametoka Nairobi kwa kazi ya utafiti. Wachuka alimtazama viatu, vilivyong'aa kama vya maiti, akamkaribisha.

Alimtembeza kila mahali. Alimwonyesha jinsi anavyopanga rundo: mabua makavu chini ili hewa ipite, juu yake majani mabichi, juu yake samadi, jivu kidogo, udongo kidogo, maji, halafu anaanza upya mpaka rundo lifike kifuani. Juu kabisa analifunika kwa nyasi. Alichomoa fimbo iliyodungwa katikati akamwambia aishike. Moffat aliishika akaiachilia upesi, maana ilikuwa moto kama mpini wa sufuria. Mama akaeleza kwamba moto ule ndio dalili ya uzima, na kwamba ukipungua unageuza rundo, linapata hewa, linawaka tena. Mboji ikiisha kuiva haina joto wala uvundo. Alimtilia konzi moja mkononi. Ilikuwa nyeusi, laini, na ilinuka kama msitu baada ya mvua.

Mwisho wakafika kwenye pipa. Ndani mlikuwa na gunia la mboji iliyoiva, limelowekwa na kukorogwa kila asubuhi, na maji yake yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi.

"Hii ndio chai ya udongo," Wachuka alisema.

Moffat aliguswa. Aliwaza kwamba katika nchi hii amewapa chai askari wa barabarani, makarani, na bawabu mmoja wa hospitali. Kumbe hata udongo nao unataka chai ndipo ufanye kazi.

Mama alimweleza kwamba chai peke yake haijengi shamba, kwamba udongo ukiwa mfu unaumwagia chai bure, lazima kwanza uwe na mboji ndani. Akamwonya pia kuhusu kuihifadhi. "Iko na wadudu wengi sana wadogo, hata jicho haioni," alisema. "Wanakula, wanapumua. Ukiwafungia kwa chupa wanakasirika."

Moffat aliitikia kwa heshima na kuandika katika faili: *chupa*.

Aliomba kununua pipa zima. Mama alikataa, akasema haiuzwi, yeyote anayetaka aje amsaidie kugeuza na atapewa bure. Moffat alieleza kwamba mgongo wake una shida ya tangu kuzaliwa. Wachuka alimpa debe moja hivyo hivyo, akamsindikiza mpaka njiani.

Debe lile Moffat alilifanyia kazi ya Bwana Yesu kule Kana, ila kwa mwelekeo mwingine. Alitenga chupa mbili za chai halisi kuwa za kuonjesha. Iliyobaki aliiongezea maji ya mto Chania, majani ya chai yaliyotupwa na hoteli moja, na sukari guru nyingi ili iwe na harufu ya kitu cha gharama. Akakusanya chupa za pombe, akazijaza, akazipiga vizibo na kuvizungushia nta mpaka hata pumzi haikupata pa kupita. Mchapishaji mmoja wa kadi za harusi akamtengenezea lebo za kijani zenye picha ya mlima na jina *Hyumofosi Saba*.

Alimkuta Kihara barazani pa baa yake. Hakumwomba anunue. Aliagiza soda, akaweka chupa moja mezani, akaanza kusoma gazeti.

"Hiyo ni nini?" Kihara aliuliza baada ya muda.

Moffat alisema ni kitu cha udongo tu, hakimhusu. Kihara akavuta kiti. Akaisoma lebo mara mbili.

"Saba ni ya nini?"

"Bwana Kihara," Moffat alisema, akikunja gazeti taratibu, "zile sita zilikuwa za majaribio."

Jibu lile lilimwingia Kihara vizuri sana. Lilikuwa na hesabu ndani yake. Aliuliza kama ni hii ndiyo anayotumia yule mama wa Ruring'u, na Moffat akatazama kushoto, akatazama kulia, na kusema kwamba yeye hajataja jina la mtu. Kihara akapiga paja. Alijua tu kwamba hakuna kabichi ya takataka.

"Nani mwingine ako nayo?"

Moffat alishusha pumzi. Alisema kuna mabwana fulani wa Kerugoya walioomba mzigo wote, nao wanakuja Alhamisi, ni watu wazuri, wana kahawa nyingi. Kihara alikwisha kuingia ndani, akatoka na bahasha nene, akanunua kila chupa iliyokuwako. Nia yake, ambayo alimweleza Moffat kwa kujisifu, ilikuwa kuinywesha kahawa yake kwanza, halafu awauzie majirani nusu iliyobaki kwa bei maradufu.

Moffat alimpa sharti moja: chupa zisifunguliwe kabla ya mvua ya kwanza, kwa kuwa dawa inakomaa polepole kama pombe nzuri. Kihara, ambaye pombe aliijua, alikubali. Akazipanga katika stoo nyuma ya jiko la nyama choma ili zisipigwe na baridi.

Mtu mwenye busara angepanda gari jioni ile ile. Lakini Kihara hakutaka wakala wake aonwe na watu wa Kerugoya, basi akampa chumba nyuma ya baa, na mbuzi choma bila malipo kila siku. Moffat alijiambia atakaa siku tatu. Nyama ile ilikuwa na mafuta kiasi. Akakaa kumi.

Siku ya kumi, mke wa Kihara, Waithira, alimwita uani. Yeye ndiye aliyepewa zile chupa mbili za kuonjesha, akazimwaga kwenye sukuma wiki yake. Wakati ule sukuma zilikuwa za manjano na zimejikunja kama barua ya deni. Sasa zilikuwa zimesimama, za kijani kibichi, pana kama masikio ya ndovu. Waithira alisema hajawahi kuona kitu kama hicho, akamshukuru kwa mikono miwili.

Hakuna aliyekumbuka kwamba Waithira alikuwa akitupa maganda ya viazi na majivu ya jikoni mahali pale kwa miaka minane, na kwamba udongo wake ulikuwa tayari una njaa ya kazi.

Moffat alikaa kando ya sukuma zile muda mrefu. Akapatwa na ugonjwa mbaya kuliko yote katika kazi yake: aliamini bidhaa yake mwenyewe.

Usiseme Moffat hakuwa na akili. Alizitumia zote. Aliona wazi kwamba yule mama ana dawa ya kweli, na kwamba mtu mwenye dawa hawezi kumweleza mgeni namna ya kuitengeneza hivi hivi, bure, huku akimpa na debe. Kwa hiyo aliyoyasema yalikuwa ya kufunikia. Siri ingaliko. Na mwenye siri ile hahitaji kuwauzia walevi wa Nyeri chupa chache, bali atauza kutoka Kiriaini mpaka Nanyuki na kununua gari lenye pazia. Alichukua bahasha ya Kihara, ambayo hakuwa ameipunguza, akaenda Ruring'u.

Alimkuta Wachuka akifunga virago. Vyungu vilikuwa vimepangwa nje, na mafundo mawili ya nguo. Mwisho wa mwezi ulikuwa karibu. Mama alisema hajui atakwenda wapi, labda kwa dada yake, lakini kitu kinachomuuma ni udongo. Miaka sita ameulisha kutoka kwenye mawe, na mtu hawezi kufunga udongo kwenye fundo.

Moffat alimpa pole iliyostahili, kisha akaingia kwenye jambo lake. Alitaka kununua siri.

"Si nilikuambia yote," Wachuka alisema.

"Ulinieleza, mama. Lakini ule ulikuwa ukweli wa sokoni. Mimi nimekuja kutafuta ule wa nyumbani."

Mama alimweleza tena. Majani, samadi, jivu, maji, kugeuza. Moffat alitabasamu na kuitoa bahasha mfukoni ili ionekane. Mama akaeleza mara ya tatu, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Moffat akaiweka bahasha juu ya chungu.

Wachuka aliitazama bahasha. Akautazama udongo wake. Alikuwa mtu wa kanisa, na inaonekana alichukua muda kuliweka jambo lile sawa na mwenye kanisa. Amesema ukweli mara tatu na haukumsaidia mtu yeyote, hata mwenyewe.

"Wa nyumbani," alisema mwishowe kwa sauti ya chini, "uko na bei."

Bei aliyoitaja ilikuwa ile ile aliyotajiwa na Kihara sokoni. Moffat hata hakukumbuka. Alimkabidhi bahasha mara moja, akiogopa asije akabadili nia.

Mama alimwingiza ndani, akafunga mlango, akafunga na dirisha. Kisha akamwambia yale yale, neno kwa neno, ila kwa kunong'ona. Majani. Samadi. Jivu. Maji. Kugeuza. Akaongeza tu kwamba mwenye kununua lazima ajenge rundo lake kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa siri hii haikai kichwani, inakaa kwenye viganja. Moffat alitoka nje akiyarudia maneno yale kwa midomo. Kila kitu sasa kilikuwa tofauti.

Siku iliyofuata Wachuka alikwenda kwa sabchifu na Kihara, wakaandikishana, na shimo la murram likawa lake. Kihara aliipokea bahasha, akaitia mfukoni mwa koti lake, akacheka mpaka garini.

Mama alikuwa amesema samadi bora inatoka mahali mifugo mingi inaposimama, basi Moffat akasafiri hadi Nanyuki, kwa mfanyabiashara wa mifugo aliyeitwa Garad. Garad alikuwa na zizi lililojaa samadi mpaka ng'ombe walikuwa wakipanda juu kila siku kidogo, na mwezi mzima alikuwa akitafuta mtu wa kumlipa aiondoe. Lakini alipomwona bwana mwenye tai akiinama kuinusa, huku akiuliza kwa wasiwasi kama imebaki ya kutosha, Garad aliwaza upya. Alisema ni vigumu, kwamba watu wengi wanaitaka. Mwisho akakubali kuiachia gunia ishirini, kwa kubadilishana na saa ya mkononi ya Moffat, na akaipakia katika lori lake la mbuzi lililokuwa likienda Nyeri. Moffat aliketi katikati ya mbuzi akijiona ameshinda.

Kihara aliambiwa kwamba wakala wake yuko kiwandani akisimamia mzigo mwingine.

Kiwandani, yaani uani kwa Wachuka, Moffat alijifunza mambo mengi. Alijifunza kwamba jembe la meno lina uzito hata kabla halijabeba kitu. Alipata malengelenge, yakapasuka, yakaja mengine juu yake. Alipanga mabua, akachota maji, akageuza rundo, akaambiwa ni kavu mno, akamwagia, akaambiwa sasa limelowa mno, alegeze kwa mabua. Wachuka aliketi kwenye kigoda chake akisuka kiondo na kumrekebisha bila ukali. Tai ya kahawia iliishia kufungia mlango wa kuku.

Siku moja, karibu wiki ya tatu, alifungua upande wa rundo lake la kwanza akakuta nyuzi nyeupe zimetandaa kama utando wa buibui, na chini yake minyoo myekundu, mamia, ikicheza. Samadi ya Garad haikuonekana tena, wala mabua, wala magugu. Kulikuwa na kitu kimoja tu, cheusi, chenye harufu ya msitu. Moffat alisikia kitu kifuani ambacho hakukijua jina lake, maana hakikuhusu pesa. Akaliita jina la mama kwa sauti ili aje aone.

Mama akaja, akaona, akarudi kwenye kigoda. Alikuwa ameyaona mara nyingi.

Jumapili iliyofuata, Kihara alikuwa na wageni. Walikuwa wazee waliokuja kumposa binti yake Wangechi, watu wa heshima kutoka Karatina, wenye kofia na bakora. Meza ziliandaliwa uani, jiko la nyama choma likachochewa tangu asubuhi, na ukuta wa stoo ukapata moto mzuri. Mzee mmoja alisimama kusema maneno ya kufungua mazungumzo. Alikuwa amefika kwenye neno amani wakati chupa ya kwanza ilipopasuka.

Ya pili ilifuata. Halafu zote zikafahamiana. Wale wadudu wadogo wa Wachuka, waliofungiwa mwezi mzima na sukari guru, walitoka kwa hasira yao yote. Vizibo vilitoboa bati. Wazee walioikumbuka milio ya bunduki ya miaka ya hali ya hatari walilala chini bila kuambiwa, mmoja akiwa na sahani yake mkononi, na inasemekana mchuzi haukumwagika. Kisha ikaja harufu. Harufu ile haikuja kwa haraka. Ilitoka stooni kama mwenyekiti wa kamati, ikapita meza moja baada ya nyingine. Wageni waliaga kwa mikono, kwa kuwa hakuna aliyetaka kufungua mdomo.

Weita mmoja ndiye aliyemwambia Kihara kwamba alimwona Bwana Moffat Ruring'u akisukuma wilbaro. Kihara aliingia katika pikapu na weita wawili, wote watatu wakinuka, na kuondoka.

Moffat aliisikia pikapu ikipanda kilima. Hakukuwa na mahali pa kukimbilia ila barabara ile ile. Aliinua nyasi za kufunika rundo lake jipya, alilogeuza juzi, akachimba kidogo, akalala ndani, akajifunika.

Wachuka aliona kila kitu kutoka kwenye kigoda chake. Kihara alipofika akipayuka, alimkaribisha kama mgeni mkubwa. Alimletea kiti, akakiweka kando ya rundo. Akasema maneno hayasemwi kwa koo kavu, akaenda kuwasha moto wa chai, na kuni zilikuwa mbichi. Akamuuliza hali ya Mama Wangechi. Akamuuliza hali ya Wangechi mwenyewe, na ya wadogo zake kwa majina. Akauliza kuhusu ng'ombe aliyekuwa na shida ya mguu.

Ndani ya rundo Moffat alikuwa akiiva. Alianza na mgongo. Akakumbuka ile fimbo, akaelewa kwa mara ya kwanza alichofundishwa siku ile. Alijihisi kama kiazi kilichosahauliwa kwenye majivu. Minyoo ilikuwa imekwisha kuhama zamani, ikiwa na akili kuliko yeye. Wakati Wachuka alipoanza kuuliza habari za mashemeji wa Kihara walioko Nakuru, nyasi ziliinuka, na Moffat akasimama, mweusi kuanzia utosini, mvuke ukimtoka mabegani kama ugali unaopakuliwa.

Kihara aliangusha kikombe. Weita mmoja alianza kusali.

"Bwana Kihara," Moffat alisema kwa heshima, "naomba maji."

Walimmwagia ndoo mbili ndipo wakamtambua. Kihara alimshika shati akamtaka atoe pesa zake. Moffat, ambaye hakuwa na nguvu ya kubuni kitu, alisema ukweli: alimpa mama huyu. Kihara akamgeukia Wachuka.

"Na mimi nilipea wewe, Baba Wangechi," Wachuka alisema. "Mbele ya sabchifu." Akaingia nyumbani, akatoka na karatasi yenye muhuri, akaishika mbali kidogo na mikono ya Kihara.

Kihara alisimama akitazama karatasi, akamtazama Moffat, akatazama karatasi. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Alikuwa akiifuata bahasha ile kutoka baani kwake, ikizunguka Nyeri nzima na kurudi mfukoni mwake mwenyewe, na kila alipofika mwisho alikuta kwamba pesa yake anayo, ila shamba hana.

"Umeuza shimo kwa bei ya lami," Wachuka alimfariji. "Si ni vizuri."

Kihara alitaja polisi. Moffat, kwa sauti ya mshauri, akamkumbusha kwamba polisi watauliza chupa zile zilikuwa za nini, na itabidi waelezwe habari za majirani na bei maradufu, na mambo ya kituoni hayakawii kufika Karatina kwa wale wazee. Kihara alimwachilia shati. Alikaa kwenye kiti, amechoka. Mkono wake ulining'inia kando ukagusa mboji iliyoiva. Akachota kidogo, akainusa, akanusa tena. Akatazama shimo la zamani la murram, lililokuwa limejaa kabichi kama vichwa vya ndama mpaka kwenye ua. Akamtazama Moffat, ambaye bado alikuwa akifuka mvuke.

"Kwani ni kweli," alisema polepole. "Ni majani tu."

"Na kugeuza," Wachuka alisema.

Kihara aliomba afundishwe. Wachuka alisema kwamba zamani alikuwa akifundisha bure kwa mdomo, na ameona matokeo yake. Sasa anafundisha kwa mikono, na anatoza ada, na ada inalipwa kabla ya kushika jembe. Kihara alilipa, akachomoa kutoka bahasha ile ile, na safari hii hakubishana bei. Kuhusu Moffat, weita ndio waliopitisha hukumu, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wamesafisha stoo: angejenga marundo ya shamba la Kihara mpaka mvua ya masika iishe, wala hangepewa mbuzi choma. Alikubali upesi. Ukweli ni kwamba alitaka kuona lile rundo lililomchoma litakavyokuwa likiiva, ila hakumwambia mtu.

Wakaanza mchana ule ule. Kihara alivua koti la Jumapili, akakunja mikono ya shati, akaambiwa anashika jembe vibaya, akarekebishwa. Moffat alimwonyesha jinsi ya kuyarusha mabua ili hewa ipite. Waligeuza bega kwa bega, wakitoka jasho, huku Wachuka ameketi kwenye kigoda chake juu ya ardhi yake na kikombe cha chai mkononi.

Jirani yake, Kagure, alikuwa akirudi kutoka kanisani. Alisimama uani, akamtazama mwenye baa, akamtazama yule bwana wa utafiti kutoka Nairobi, wote matope mpaka magotini. Akamsogelea Wachuka na kumuuliza kwa siri vibarua wa namna hii anawalipa ngapi kwa siku, maana na yeye ana kazi.

Wachuka alipuliza chai yake.

"Hawa?" alisema. "Hawa ndio wananilipa."